Ushemasi wa Mpito, wa Kudumu au wa Kuchaguliwa: Upi Unakufaa?

Jumapili moja baada ya ibada kijana wa kanisa letu alinisubiri langoni, Biblia kwapani, akanivuta kando karibu na mama anayechoma mahindi. "Mzee, nimependekezwa kuwa shemasi," akasema. "Nikamwambia mama mkwe, naye ni Mkatoliki, akaniuliza kama nitamwacha mke. Mjomba ni Mwanglikana, akaniuliza nimesomea theolojia chuo gani. Mimi nilidhani ni kuhesabu sadaka tu."

Wote watatu walikuwa sawa, kila mmoja kwa kanisa lake. Walikuwa wakitumia neno moja kwa kazi tatu tofauti. Hapa Nairobi ukoo mmoja hutawanyika asubuhi ya Jumapili, hawa misa, wale kwa Waanglikana, wengine kwa Wapresbiteri, na shangazi yenu Mwadventista akawa alishamaliza ibada yake jana. Ndiyo maana mkanganyiko huu huwapata watu wengi. Mimi nimehudumu vipindi viwili kama shemasi wa kuchaguliwa. Nimekaa na mashemasi wa makanisa mengine kwenye kamati nyingi za mazishi, usiku tukipigia mahesabu ya jeneza na gari, na nimeona watu wazuri wakiingia njia ambayo haikuwa yao kwa sababu hawakuuliza mapema. Nimeandika haya kwa aliyependekezwa, au anayesikia wito, na hajui ni ushemasi upi hasa anaoitiwa.

Neno lenyewe limesafiri. Lilitufikia kwa Kiarabu, na Kiarabu kililipata kwa Wakristo wa Siria, ambao kwao maana yake ilikuwa mtumishi. Kigiriki cha Agano Jipya kinasema diakonos: mwenye kuhudumu, hata yule anayeandaa meza watu wale.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulinganisha

Njia zote tatu nitazipima kwa maswali yaleyale. Nani anakuita, na unaandaliwaje? Utafanya kazi gani, na kazi gani hutaruhusiwa? Ndoa na nyumba yako vitaguswa vipi? Utakula nini, yaani huduma hii inalipa au unaigharamia wewe? Mwanamke ana nafasi? Na je, ushemasi huu una mwisho, au ukishaupokea ni wa maisha?

Sitaki kuuliza upi ni wa juu zaidi. Swali hilo nimelisikia mno, nalo limewaharibia watu huduma.

Lakini kuna jambo moja linalotangulia yote. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia jinsi Wakristo wa Yerusalemu waliokuwa wakizungumza Kigiriki walivyonung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Mitume wakaita mkutano, watu wakachagua saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao wa Antiokia. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Kanisa lilipokosea wajane wa upande mmoja, liliwakabidhi kazi watu wenye majina ya upande huohuo. Sura hiyo haiwaiti mashemasi, lakini makanisa karibu yote huuhesabu ushemasi kuanzia pale.

Sura hiyo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kabla haijanishika. Katika kipindi changu cha kwanza, kila Desemba kanisa letu lilitoa unga, mafuta ya kupikia na sukari kwa wajane na wazee wasiojiweza. Orodha ilikuwa kwenye daftari la jalada jeusi lililopokezanwa kutoka shemasi hadi shemasi. Niligawa mifuko kwa kulifuata daftari, jina kwa jina, nikaweka alama, nikatoa ripoti, nikapigiwa makofi. Januari nikakutana na mama mmoja kwenye foleni ya maji, mshirika wetu wa miaka mingi, anayekaa chumba cha mwisho cha kichochoro ambacho nilikuwa nimeingia mara mbili na mifuko begani. Kwao ni Magharibi, na matangazo yetu mengi wakati huo yalitolewa kwa Kikuyu. Hakulalamika. Aliniuliza tu, "Baba, ile ya wajane huwa mnajiandikishia wapi?" Mumewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na jina lake halikuwamo kwenye daftari.

Tangu siku ile, kila ninapolinganisha aina za ushemasi, naangalia kwanza kama huyo shemasi atapata nafasi ya kumwona mtu ambaye daftari limemruka. Kila njia kati ya hizi tatu inampa nafasi hiyo kwa namna yake.

Ushemasi wa mpito

Huu ni ushemasi wa kupitia tu kuelekea upadre au ukasisi, na ndio anaoujua mama mkwe wa yule kijana. Katika Kanisa Katoliki, Daraja Takatifu, yaani kuwekwa wakfu kwa kuwekewa mikono na askofu, ina ngazi tatu, ushemasi, upadre na uaskofu, na kila padre unayemwona altareni alipitia ushemasi kwanza. Waanglikana nao wana shemasi, kasisi na askofu. Kwa pande zote mbili ni askofu anayeweka mikono, na stola ya shemasi, ule utepe mrefu wa kitambaa wa ibada, hukaa mshazari kutoka bega la kushoto. Ukiiona imevaliwa hivyo, huyo bado si padre.

Kuitwa ni safari ndefu. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka angalau miaka sita ya falsafa na theolojia, umri usiopungua miaka 23 kwa ushemasi na 25 kwa upadre, na angalau miezi sita kati ya daraja hizo mbili. Hapa Nairobi seminari kuu ya Mtakatifu Thomas Aquinas iko Lang'ata, na watawa wa mashirika mengi husomea karibu na huko. Kwa Waanglikana njia hupitia kwa kasisi wa parokia yako, halafu kwa askofu na kamati yake, halafu chuo, mara nyingi Chuo Kikuu cha St. Paul's kule Limuru. Ushemasi wao kwa kawaida ni kama mwaka mmoja kabla ya ukasisi.

Kazi ya shemasi huyu inaonekana sana Jumapili: anasoma Injili, anahubiri, anabatiza, anasaidia kwenye meza. Haadhimishi misa wala Meza ya Bwana, haondolei dhambi kwa kitubio. Lakini kitabu cha sala cha Waanglikana cha 1662 kina sentensi moja katika ibada ya kumweka shemasi ambayo ningependa isomwe kwa sauti kila mwaka. Kinamwagiza awatafute wagonjwa, maskini na wasiojiweza wa parokia, kisha ampelekee kasisi hali zao, majina yao na mahali wanapokaa. Karne tatu na nusu zilizopita, watu wa Uingereza walikuwa wameshaona kwamba maskini hapatikani bila mtu wa kumfuata mpaka mlangoni.

Kuhusu ndoa, Mkatoliki wa njia hii anaahidi useja siku ya ushemasi wake. Wengi hudhani ahadi hiyo hutolewa siku ya upadre, na familia hushtuka kugundua kwamba mlango umeshafungwa. Mwanglikana anaweza kuwa ameoa. Kwa riziki, kanisa humtunza, kwa kiasi kinachotegemea jimbo na parokia, na kwa Waanglikana wa mitaa midogo kiasi hicho huwa kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Wanawake hawapokei daraja hii kwa Wakatoliki. Katika Kanisa Anglikana la Kenya wanapokea, na mwaka 2021 Rose Okeno alifanywa askofu wa Butere, kwa hiyo njia yao haiishii kwenye ushemasi.

Je, unaisha? Kwa Wakatoliki na Waanglikana padre haachi kuwa shemasi. Siku kuu kubwa, askofu Mkatoliki huweza kuvaa dalmatika, vazi la shemasi, chini ya kasula yake, lile vazi la juu la misa. Waseminari wengi hupita mwaka huu wakiuona kama chumba cha kungojea. Naona ni hasara kubwa, kwa sababu ndio mwaka pekee ambao parokia inakuruhusu kutembea bila ofisi ya kukungoja.

Ushemasi wa kudumu

Hapa ndipo watu wa Nairobi huchanganyikiwa zaidi, kwa kuwa wengi hawajawahi kumwona shemasi Mkatoliki mwenye mke na watoto. Yupo. Duniani mashemasi wa kudumu ni zaidi ya 40,000, wengi wao wakiwa Amerika na Ulaya. Afrika ni wachache sana.

Karne za kwanza walikuwa watu wazito. Laurensi, shemasi wa Roma, aliuawa mwaka 258. Masimulizi ya kale yanasema mtawala alimtaka alete hazina za kanisa, naye akaja na maskini, vilema na wajane, akamwambia hazina ndiyo hii. Lakini ukaribu wao na askofu, pamoja na ufunguo wa sanduku la fedha, uliwafanya baadhi wajikweze, hata Mtaguso wa Nikea wa 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukalazimika kuwakataza kukaa kati ya makasisi na kuwapa makasisi Ekaristi. Baadaye, kwa Wakristo wa Magharibi, ushemasi ukabaki daraja la kukanyagia tu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliurudisha mwaka 1964, na Papa Paulo VI akatoa kanuni zake 1967.

Anayekuita ni askofu, kupitia paroko wako, na huwezi kujiandikisha mwenyewe pale ambapo jimbo halina mpango huo. Maandalizi hayapungui miaka mitatu. Asiyeoa awe na angalau miaka 25, aliyeoa 35, na mke lazima akubali. Bila ridhaa yake hakuna daraja. Kwa maoni yangu kanuni hii ni ya busara kuliko zote katika mada nzima, na makanisa yetu ya kuchagua yangefanya vema kuiiga.

Akishapewa daraja anabatiza, anasimamia ndoa kwa ruhusa, anahubiri, anapeleka Komunyo kwa wagonjwa, anaongoza mazishi. Misa, kitubio na mpako wa wagonjwa si vyake. Nafasi yake ya kumwona aliyesahaulika inatokana na jambo ambalo padre hana: anaamka Jumatatu na kwenda kazini kama wewe. Anaweza kuwa mwalimu, mhasibu, fundi wa umeme. Sheria ya kanisa haimlazimishi kuvaa kola, na inatarajia mwenye kazi ya kawaida ajitegemee kwa mshahara wake. Anasikia mambo ndani ya matatu ambayo hayafiki ofisi ya parokia.

Upande mgumu uko nyumbani. Mke akifariki, kwa kawaida haoi tena, isipokuwa Roma imruhusu. Aliyepewa daraja akiwa hajaoa hubaki hivyo. Daraja ni ya maisha na haina likizo ya kipindi. Wanawake hawapewi kwa sasa, ingawa Papa Fransisko aliunda tume za kulichunguza suala hilo mwaka 2016 na tena 2020.

Waorthodoksi wa Kenya, ambao seminari yao iko Riruta, hawakuupoteza ushemasi wa kudumu. Kwao ndoa hutangulia daraja, shemasi anaweza kubaki shemasi maisha yake yote, na katika ibada ndiye anayeongoza maombi huku watu wakiitikia. Wako chini ya Upatriaki wa Aleksandria, unaoongoza Waorthodoksi wa Afrika, na mwaka 2024, huko Zimbabwe, upatriaki huo ulimweka mwanamke katika ushemasi. Ukiwa binti wa Kiorthodoksi hapa Nairobi, usiache kufuatilia habari hiyo.

Ushemasi wa kuchaguliwa

Huu ndio niliouishi, kwa hiyo utanisamehe nikikawia.

Mizizi yake ni Geneva. Mwaka 1541 John Calvin na wenzake waliandika utaratibu wa kanisa wenye huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Mashemasi waligawanywa mara mbili, wa kutunza mali ya maskini na wa kuwauguza wagonjwa wenyewe. Wapresbiteri walibeba mfumo huo hadi Uskoti, na kutoka Uskoti ukafika huku kwetu. Wabaptisti hubaki na ofisi mbili tu, mchungaji na mashemasi, kwa hiyo shemasi wao mara nyingi ana uzito wa mzee wa kanisa kwingineko. Waadventista wana wazee wa kanisa, mashemasi, na mashemasi wa kike.

Wanaokuita hapa ni majirani zako. Unapendekezwa na watu wanaojua unapokaa, mkeo anaitwa nani, na kama unalipa madeni ya dukani. Paulo alimwandikia Timotheo, waraka wa kwanza sura ya 3, kwamba mashemasi wawe watu wa heshima, si wenye ndimi mbili, si walevi, si wapenda fedha ya aibu, na wajaribiwe kwanza. Washirika wa Nairobi huizingatia sura hiyo wakati wa kura kuliko unavyodhani. Kwa Waadventista kuna kamati ya uteuzi, kisha kanisa linapiga kura, kwa mwaka mmoja au miwili. Halafu unawekewa mikono. Mafunzo huwa semina za siku chache, na hapo ndipo njia hii ina upungufu. Nilipewa daftari na ufunguo wa kabati siku moja, na hakuna aliyenifundisha namna ya kuketi na mtu aliyefiwa.

Kazi utaifanya kwa mikono. Njoo kwa Waadventista Sabato ya Meza ya Bwana, ambayo kwa kawaida huwa mara moja kila robo mwaka, uone. Mashemasi wa kike wamekwisha kuoka mkate usiotiwa chachu na kupiga pasi kitambaa cheupe cha meza. Mashemasi wanaume wanabeba mabeseni na ndoo za maji ya uvuguvugu, wanaume chumba hiki, wanawake kile, kwa huduma ya kutawadhana miguu. Nimewahi kualikwa. Mzee aliyekuwa amepiga magoti mbele ya kijana wa bodaboda alimfuta vidole kimoja kimoja, akipitisha taulo katikati, bila haraka, kama anayemfuta mtoto mchanga. Jioni mataulo yote yalikuwa kwenye kamba nyuma ya kanisa, na shemasi mmoja alikuwa amebaki akiyaanua kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka. Ibada waliiongoza mchungaji na mzee wa kanisa. Shemasi hana mamlaka ya kuongoza Meza, kubatiza wala kufungisha ndoa kwao.

Kwa Wapresbiteri na wengine, kazi zaidi ni sadaka na mali. Baada ya ibada mnajifungia chumbani wawili au watatu, kamwe si mmoja. Sarafu zinapangwa kwa aina, noti zinanyooshwa, bahasha za fungu la kumi zinafunguliwa na kuandikwa, jumla inasomwa kwa sauti mara mbili, wote wanatia sahihi. Siku hizi sehemu kubwa huingia kwa M-Pesa na hamna cha kupanga, lakini taarifa ya simu nayo sharti ilinganishwe na daftari, na isomwe na zaidi ya mtu mmoja. Usikubali kuachwa peke yako na fedha hata dakika tano, hata kwa mtu unayemwamini. Nimeona jina jema la miaka ishirini likichafuka kwa bahasha moja ambayo baadaye ilipatikana ndani ya kitabu cha nyimbo.

Halafu kuna siku za katikati ya wiki. Shemasi wa mtaa ndiye anayepigiwa simu saa tano usiku kwamba fulani amefariki. Anatafuta viti, hema, sufuria kubwa, majani ya chai. Anajua chumba cha kuhifadhi maiti kinataka nini kabla ya kutoa mwili. Ukiwa na jicho la kuona, hapa hakuna wa kukuzidi, kwa sababu mjane aliyerukwa na daftari ni jirani yako wa kichochoroni. Lakini hatari ni ileile. Ukaribu hufanya tuwaone tunaofanana nao kwanza, wa lugha yetu na wa kikundi chetu. Mimi niliingia kichochoro kile mara mbili.

Hulipwi. Utatoa nauli, rambirambi na simu kutoka mfukoni mwako, na mkeo au mumeo atahisi kabla yako. Hakuna anayekuuliza kuhusu ridhaa yake, kwa hiyo muulize wewe. Ndoa haina kizuizi. Wanawake wana nafasi pana. Kwa Wapresbiteri wa hapa kwetu huchaguliwa kama wanaume, na Waadventista katika mkutano wao mkuu wa Atlanta mwaka 2010 walikubali mashemasi wa kike nao wawekewe mikono. Paulo mwenyewe, akiandika kwa Warumi, anamtambulisha Fibi, aliyehudumu katika kanisa la Kenkrea, kwa neno lilelile la diakonos.

Na huduma hii huisha. Kipindi kikikwisha unaweza kurudi kwenye benchi na hakuna atakayekuona umeanguka. Nilipomaliza changu cha kwanza nilipumzika mwaka mzima, na ndoa yangu ilinishukuru.

Huduma jirani ambazo si ushemasi

Wakati mwingine unachoitiwa ni kingine. Mkatoliki anayependa kufundisha awazie ukatekista, ambao Papa Fransisko aliuweka rasmi kuwa huduma ya kanisa mwaka 2021, na ambao wanawake na wanaume wote wanaupata. Katika Afrika katekista amebeba sehemu kubwa ya mzigo ambao kwingineko uko kwa shemasi wa kudumu, na nadhani ndiyo maana maaskofu wengi hawakuwa na haraka. Mwanglikana mwenye kipawa cha kuhubiri na asiyetaka ukasisi anaweza kuwa msomaji mlei. Mpresbiteri anayeona kazi yake ni kulea imani na kuonya, kuliko kushika fedha na mahitaji, afikirie uzee wa kanisa.

Kwa hali yako

Kama hujaoa, una miaka ishirini na kitu, na altare inakuvuta kila siku hata siku za kawaida, ongea na paroko au kasisi wako kuhusu njia ya mpito. Mkatoliki, jiulize kuhusu useja sasa, si mwaka wa mwisho wa seminari. Mwanglikana, uliza kwanza namna jimbo lako linavyotunza mashemasi na makasisi wapya, hasa kama una watoto shuleni.

Kama wewe ni Mkatoliki uliyeoa, umepita miaka 35, una kazi, na watu humiminika kwako na shida zao, muulize paroko kama jimbo lina nafasi ya shemasi wa kudumu. Likiwa halina, jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwako na kikundi cha kuwatembelea wagonjwa vitakupa sehemu kubwa ya kazi hiyo leo, bila kungoja. Lakini usimtangulie mkeo kwenye hilo lolote.

Kama wewe ni mwanamke, kanisa lako ndilo litakaloamua mlango. Mwanglikana, Mpresbiteri na Mwadventista wana njia iliyo wazi. Mkatoliki, ukatekista na uongozi wa jumuiya havihitaji daraja, na ninawajua akina mama ambao mtaa mzima ungesimama bila wao.

Kama unafanya kazi ya zamu, usiku ulinzi au hospitalini, ushemasi wa kuchaguliwa bado unawezekana ukiwaambia wazee mapema siku unazopatikana. Wengi huona aibu kusema, kisha wanalaumiwa kwa kukosa mikutano. Ushemasi wa daraja ni mgumu zaidi kwa ratiba hiyo.

Kama unafikiria kuhama kanisa ili upate ushemasi, subiri. Wachache nilioona wakihama kwa sababu hiyo walikuta wageni hawapewi daftari upesi, na haki yao, maana Paulo alisema wajaribiwe kwanza.

Na kama umependekezwa wiki hii na wanangoja jibu Jumapili, omba mambo mawili. Kwanza, utembee na shemasi anayemaliza muda wake kwenye nyumba tatu, siku ya kazi, baada ya saa kumi na mbili jioni, watu wakiwa wamerudi. Pili, uonyeshwe orodha ya wajane na wagonjwa. Isome pamoja na mwenzi wako nyumbani, polepole, mkitaja kila mlango wa mtaa wenu mnaoujua. Yule kijana wa langoni alifanya hivyo. Alirudi na majina mawili ambayo hayakuwa mle, la pili likiwa la mama anayechoma mahindi pale nje.